Mwisho Usio na Sababu: Uhakiki wa Usimulizi katika Jedwali la Kohoti la Kanzidata ya OMOP

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maisha ya mgonjwa yanavyosimuliwa katika jedwali la kohoti la modeli ya data ya OMOP, ambayo sasa inatumika pia kuhifadhi data za ufuatiliaji wa afya kutoka Afrika. Kwa kuongozwa na nadharia ya naratolojia, jedwali hilo limesomwa kama matini yenye msimulizi, mhusika, mwanzo na mwisho. Hoja kuu ni kwamba jedwali linatunza tarehe ya mgonjwa kutoka katika kundi bila kutunza sababu ya kutoka. Ukimya huo huwaweka katika fungu moja aliyefariki, aliyehama na aliyeacha dawa. Makala yanahitimisha kwamba kasoro hiyo inaweza kurekebishwa, mradi kumbukumbu ya asili na kauli ya mgonjwa zipewe nafasi ya juu kuliko jedwali linalotokana nazo.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Aghalabu methali hii hutajwa ili kuhimiza utunzaji wa kumbukumbu, lakini uzito wake umo katika neno la mwisho. Methali haisemi kwamba mali isiyoandikwa hupotea tu. Inasema hupotea bila habari. Daftari la duka halikomei kwenye kilichoingia na siku kilipotoka. Huonesha pia kilitokaje: kiliuzwa, kilikopwa, kiliharibika au kilitumika nyumbani. Mwenye duka anayejua kwamba gunia la mchele limetoka siku ya Jumanne, asijue limetokaje, ana tarehe mkononi lakini habari hana.

Utafiti wa afya nao una madaftari yake. Miongoni mwa muhimu zaidi ni yale ya kundi la ufuatiliaji, ambalo watafiti huliita kohoti: watu wanaounganishwa na sifa fulani na kufuatiliwa kwa muda ili ionekane nini kinawapata. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kazi hii. Ufuatiliaji wa Kisesa, wilayani Magu, mkoani Mwanza, ulianza mwaka 1994. Wa Ifakara ulianza mwaka 1996. Na wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, mwaka 2000. Katika maeneo hayo wadadisi hupita kaya kwa kaya, wakarudi tena na tena, wakiandika aliyezaliwa, aliyehamia, aliyehama na aliyefariki.

Katika miaka ya karibuni data za aina hiyo zimeanza kuhamishiwa katika modeli ya pamoja ya OMOP, jambo ambalo mtandao wa INSPIRE umelifanya kwa data kutoka maeneo ya ufuatiliaji barani Afrika. Modeli hiyo ilizaliwa nchini Marekani kwa ajili ya kuchunguza usalama wa dawa kwa kutumia kumbukumbu za hospitali na za bima. Tangu mwaka 2014 imekuwa ikiendelezwa na jumuiya ya kimataifa ya OHDSI. Faida yake inajulikana: vituo vingi vikipanga data zao kwa umbo moja, swali moja linaweza kuulizwa kote. Jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni lile ambalo mhakiki wa fasihi angeliuliza mapema: kisa kikihamishwa kutoka umbo moja kwenda jingine, kipi kinabaki na kipi kinadondoka njiani?

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unatumia naratolojia, hususani mihimili aliyoieleza Gérard Genette kuhusu wakati katika usimulizi: mpangilio wa matukio, muda yanaochukua katika masimulizi, na idadi ya mara yanaposimuliwa. Katika muhimili wa muda, Genette anatambua urukaji, yaani mahali ambapo masimulizi hupita juu ya kipindi fulani bila kukisimulia. Dhana hii inafaa sana hapa, kwa kuwa kumbukumbu ya mgonjwa imejengwa kwa urukaji. Siku anazofika kliniki huandikwa, ilhali zilizo baina yake haziandikwi.

Sambamba na naratolojia, makala yanatumia hoja ya Bowker na Star (1999) kwamba mfumo wowote wa uainishaji hukipa kitu kimoja sauti na kukinyamazisha kingine. Hoja hiyo haimaanishi kwamba uainishaji ni kosa. Inamaanisha kwamba kilichonyamazishwa kinapaswa kujulikana, ili anayeutumia mfumo ajue ameazima masikio ya nani.

Ipo pingamizi kwamba jedwali si hadithi, na kwamba kulihakiki kwa nadharia ya usimulizi ni kulibebesha mzigo usio wake. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halizuii usomaji huu. Jedwali la kohoti lina mhusika, lina mwanzo, lina mwisho, na lina fasili inayoamua nani aingie na nani asiingie. Aidha, linasomwa na watu wanaotoa hukumu kutokana nalo. Matini yenye sifa hizo inastahili kuulizwa maswali ambayo matini nyingine zote za kisimulizi huulizwa.

3.0 Safu Nne za Maisha

Jedwali la kohoti katika OMOP lina safu nne tu: namba ya fasili ya kundi, namba ya mhusika, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kohoti yenyewe hufasiliwa kuwa seti ya watu wanaokidhi kigezo kimoja au zaidi kwa kipindi fulani cha muda. Mtu mmoja anaweza kuingia zaidi ya mara moja, na mtu huyohuyo anaweza kuwamo katika kohoti nyingi kwa wakati mmoja. Ufupi huo ni sifa njema. Unatenganisha vigezo na watu waliovikidhi, na unamwezesha mtafiti wa Mwanza na wa Kilifi kuuliza swali lilelile bila data za wagonjwa kuondoka katika kituo zilikokusanywa.

Ugumu unaanzia katika safu ya nne. Katika zana ya ATLAS, inayotumiwa na jumuiya ya OHDSI kuandika fasili za kohoti, mtu anaweza kutolewa kwa njia kadhaa. Anaweza kutoka pale kipindi chake cha kuonekana katika data kinapokwisha. Anaweza kutoka baada ya siku kadhaa zilizopangwa tangu aingie. Au anaweza kutoka pale matumizi yake ya dawa yanapokoma, kwa kuzingatia pengo la siku ambalo mwandishi wa fasili ameliruhusu. Juu ya hayo, tukio lolote lililotajwa katika fasili, kikiwamo kifo, linaweza kukatisha ushiriki wake. Njia zote hizi huishia katika safu moja, kwa sura moja: tarehe. Anayesoma mstari hawezi kujua kama tarehe hiyo ni ya mazishi, ya safari au ya kalenda ya mtafiti.

Chukuliwe mfano wa kufikirika. Mwanamke anaanza dawa za kufubaza makali ya VVU tarehe 3 Machi 2014 katika kituo cha afya cha kijijini. Anapata ujauzito. Tarehe 10 Agosti anachukua dawa za siku 30, kisha anakwenda kwa mama yake, wilaya nyingine, ili ajifungulie huko. Huko anaendelea na dawa katika kliniki ya jirani, akiandikishwa kwa jina la baba yake badala ya jina la mume alilolitumia awali. Tarehe 20 Machi 2015 anarudi kwake na kuchukua dawa katika kituo chake cha kwanza. Maishani mwake hakuna siku hata moja aliyokosa dawa.

Katika jedwali habari ni nyingine. Fasili ikiwa imeruhusu pengo la siku 30, mstari wake unafungwa tarehe 8 Septemba 2014, siku ya mwisho ya dawa alizochukua mwezi Agosti. Iwapo fasili inaruhusu kila tukio la kuingia, utafunguliwa mstari wa pili kuanzia tarehe 20 Machi 2015, naye ataonekana kama mtu aliyeacha dawa kwa zaidi ya miezi sita akarejea. Iwapo fasili inachukua tukio la kwanza pekee, mstari wa pili hautakuwapo kabisa. Katika kisa hicho mwanamke huyu alitoka na hakurudi. Uamuzi baina ya kurudi na kutorudi haukufanywa na mgonjwa wala na mhudumu aliyempa dawa. Umefanywa na mwandishi wa fasili kwa kuchagua kipengele kimoja, pengine katika nchi nyingine. Kwa lugha ya naratolojia, fasili ndiyo msimulizi. Ni msimulizi aliye nje ya kisa, anayejua vigezo vyote na asiyejua safari hata moja.

Ukilinganishwa na daftari la wadadisi wa kaya, upungufu huu unaonekana wazi zaidi. Katika mfumo wa ufuatiliaji wa kaya, kipindi cha ukaazi cha mtu hufunguliwa kwa sensa ya awali, kuzaliwa au kuhamia, na hufungwa kwa kifo au kuhama. Sababu si nyongeza pale. Ndiyo inayoruhusu kipindi kufungwa. Kipindi hicho kinapohamishiwa OMOP, kifo kina jedwali lake maalumu, lakini kuhama hakuna jedwali. Kunaweza kuandikwa miongoni mwa mambo mengine yaliyoangaliwa, kama mhamishaji wa data atakumbuka kufanya hivyo. Asipokumbuka, kunabaki kuwa mwisho wa kipindi cha kuonekana. Modeli iliyozaliwa katika mazingira ya bima haikuwa na haja kubwa ya kuuliza mtu amehamia wapi: mkataba wa bima ukikoma, kisa kimekoma. Alama nyingine ya mazingira hayo imo katika jedwali la watu, ambalo lina safu ya lazima ya asili ya mtu iliyoundwa kutofautisha mwenye asili ya Kihispania na asiye nayo. Kwa mkazi wa Magu safu hiyo haina cha kusema, hivyo hujazwa sifuri. Sifuri hiyo haimdhuru mtu, ila inaonesha kwamba modeli ilikuwa na mgonjwa wake akilini kabla haijakutana na huyu.

4.0 Neno Linalojaza Ukimya

Masimulizi yakiacha pengo, msomaji hulijaza. Katika kliniki za Tanzania pengo la mgonjwa asiyeonekana limepata jina: mtoro. Neno hili hutumika kwa mgonjwa wa kifua kikuu na kwa anayetumia dawa za VVU aliyepitisha siku yake ya kufika. Ni neno fupi na rahisi kujazwa katika fomu, lakini si neno tupu. Mwanafunzi mtoro ni mkosaji, na askari mtoro huadhibiwa. Katika historia ya pwani, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya mabwana zao. Katika matumizi yote hayo mtoro ana sehemu anayopaswa kuwapo, na kosa la kutokuwapo ni lake.

Kwa hiyo, ukimya wa safu ya nne haubaki ukimya. Ukifika katika kikao cha tathmini, hutafsiriwa kuwa kosa la mgonjwa. Mwanamke wa mfano uliotolewa juu, ambaye alifuata desturi ya kujifungulia kwa mama yake na akatunza dawa zake wakati wote, anahesabiwa mtoro. Aliyefariki nyumbani bila kliniki kupata taarifa naye anahesabiwa mtoro, na kifo chake kinakosekana katika hesabu ya vifo. Kosa la kwanza linamvunjia heshima mtu; la pili linaipunguzia jamii ukweli kuhusu ugonjwa. Yote mawili yana matokeo ya kiutendaji. Kliniki inayopoteza wagonjwa kwa kifo inahitaji uchunguzi wa mapema na tiba bora zaidi. Inayowapoteza kwa uhamaji inahitaji barua za rufaa na mawasiliano na kliniki jirani. Inayowapoteza kwa unyanyapaa au nauli inahitaji jambo la tatu. Jedwali linalowapa wote tarehe ya aina moja haliwezi kumwambia mpangaji aanzie wapi.

Suala la neno linajitokeza pia katika majina ya magonjwa. OMOP humtaka mhamishaji aoanishe kila neno la asili na dhana sanifu, na dhana isiyopatikana hupewa namba sifuri. Tazama neno degedege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulilichunguza neno hili kama ugonjwa unaotambuliwa na wenyeji na ukaonesha uhusiano wake na hatua ambazo wazazi huchukua kutafuta tiba, pamoja na athari zake kwa vifo vya malaria kali. Mhamishaji wa data anaweza kulioanisha na mtukutiko wa mwili au na malaria kali. Vyovyote achaguavyo, atapata sehemu ya maana na kuacha sehemu. Kilichoachwa ndicho kinachoeleza kwa nini mtoto alichelewa kufikishwa hospitalini.

Modeli inaruhusu neno la asili litunzwe kando ya dhana sanifu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, nafasi iliyotengwa ni herufi 50, zikiwamo nafasi baina ya maneno. Sentensi ya mfano kama "mtoto alishikwa na degedege usiku akakakamaa mwili wote" ina herufi 55. Ikikatwa mwishoni ili ienee, kinachodondoka ni neno "wote". Kwa tabibu, tofauti kati ya kukakamaa mwili wote na kukakamaa sehemu moja ya mwili si ya kimtindo. Masimulizi marefu yanaweza kuhifadhiwa katika jedwali la maelezo, ambalo lina hata safu ya kutaja lugha iliyotumika. Kwa hiyo Kiswahili kina mlango wa kuingilia. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuutumia. Uamuzi huo una maana ya pekee kwa mahojiano ya wafiwa kuhusu chanzo cha kifo. Programu ya InterVA, inayotumika sana kukadiria chanzo hicho, husoma majibu ya ndiyo na hapana na kuyaacha masimulizi huru ya mfiwa. Kauli yenye habari nyingi zaidi ndiyo isiyosomwa.

5.0 Utetezi na Mipaka Yake

Mtetezi wa modeli hii anaweza kujibu kwamba lawama zote zilizotolewa zimeelekezwa pasipohusika. Jedwali la kohoti si kumbukumbu, atasema. Ni jibu la swali. Kumbukumbu zimo katika majedwali mengine, na anayetaka kujua sababu ya kutoka anaweza kurudi huko. Utetezi huu ni wa kweli na unapaswa kukubaliwa. Hata hivyo, unategemea masharti mawili: sababu iwe imehifadhiwa huko nyuma, na msomaji awe na njia ya kurudi. Sharti la kwanza huvunjika pale uhamaji unapoachwa wakati wa kuhamisha data. Sharti la pili huvunjika pale matokeo yanaposafiri yakiwa peke yake kama jumla na asilimia. Zaidi ya hapo, fasili ikirekebishwa huku namba yake ikibaki ileile, na nakala ya awali isitunzwe, jibu la jana na la leo yatakuwa na anwani moja bila kuwa kitu kimoja.

Utetezi wa pili unahusu faragha. Jina la mgonjwa limeondolewa na kuwekwa namba. Sababu ya kuhama, kama vile ndoa kuvunjika, inaweza kumfichua. Hoja hii nayo ni nzito, hasa kwa ugonjwa wenye unyanyapaa. Lakini kutaja aina ya mwisho (kifo, uhamisho, kuhama, kutojulikana) si kutaja kisa cha ndoa. Isitoshe, faragha si haki pekee ya mhusika. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinampa mhusika haki ya kufikia taarifa zake na kuomba zirekebishwe. Mwanamke aliyeitwa mtoro hana namna ya kuitumia haki hiyo mbele ya jedwali lisilomjua kwa jina. Anaweza kuitumia mahali pamoja tu, nako ni kituoni ambako ufunguo wa utambulisho umebaki. Ndiyo maana marekebisho yanapaswa kuanzia kwenye chanzo, kisha jedwali lizalishwe upya. Jedwali lililozalishwa mara moja na kuachwa linaendeleza kosa ambalo mwenyewe ameshalisahihisha.

Kwamba jambo hili linawezekana, Kisesa imetoa ushahidi. Mwaka 2015 ulianzishwa huko utaratibu wa kuunganisha kumbukumbu za kliniki na za kaya mgonjwa akiwapo. Mhudumu huketi naye, humuuliza majina yake, mahali alipoishi na watu alioishi nao, kisha hutafuta kipindi chake cha ukaazi katika kanzidata ya kaya. Majina mawili ya mtu mmoja, ambayo kompyuta ingeyahesabu kuwa watu wawili, huunganishwa na kauli ya mwenyewe. Kwa istilahi za uhakiki huu, mhusika amerudishiwa sehemu ya usimulizi. Hakuandika jedwali, lakini ameulizwa kabla halijafungwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba jedwali la kohoti la OMOP ni masimulizi mafupi yenye msimulizi mwenye nguvu, ambaye ni fasili, na mhusika asiye na kauli. Nguvu yake ni kuwezesha maswali ya pamoja. Udhaifu wake ni kuufanya mwisho wa kila mtu ufanane. Kwa data za Afrika Mashariki, ambako watu huhama kwa kilimo, ndoa, uzazi na misiba, udhaifu huo hauwezi kuchukuliwa kuwa mdogo.

Mambo manne yanapendekezwa kwa wanaohamisha data za aina hii. Kwanza, aina ya mwisho wa kila kipindi ihifadhiwe wazi, ikiwamo "haijulikani", ambayo ni tofauti kabisa na "mtoro". Pili, kila fasili itunzwe kwa toleo na tarehe, na isirekebishwe chini ya namba ileile. Tatu, maneno ya asili ya Kiswahili na ya lugha nyingine za jamii yahifadhiwe kamili katika jedwali la maelezo. Nne, kohoti izalishwe upya kila kumbukumbu ya asili inaporekebishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji modeli mpya. Yanahitaji kukubali kile ambacho mwenye duka amekijua siku zote: kuandika siku kitu kilipotoka hakujamaliza kazi ya daftari.